Minofu ya Jumamosi

Kilichomuudhi Mkunjo kuliko vyote ni kwamba hakuna aliyemwuliza. Binti yake aliingia na boksi kubwa mikononi, akapita chumba cha mbele bila hata kukaa, akafika jikoni, akasukuma sufuria pembeni na kuweka mezani mtambo mweusi wenye tumbo nene, droo ya kuvuta na kioo kidogo cha namba zinazowaka. Halafu akatungua karai kutoka kwenye msumari wake ukutani, akalitia ndani ya lile boksi tupu.

"Hiki ni kikaangio cha upepo, baba," alisema. "Hakina mafuta ya kuchemka, hakina moto wa kuwaka. Kuanzia leo ukitaka kukaanga, unakaangia humu."

"Na hilo karai?"

"Karai naondoka nalo."

Na akaondoka nalo kweli, pamoja na dumu la mafuta, akimwachia kichupa kisichotosha hata kupaka visigino. Jiko la gesi alimruhusu abaki nalo kwa ajili ya chai na vitu vya kuchemsha. Alimruhusu! Nyumba yake mwenyewe, jiko amenunua mwenyewe, karai ni la marehemu mke wake, limening'inia kwenye msumari ule tangu binti huyo hajaota meno, na leo anapimiwa moto kama mfungwa anayepimiwa sabuni. Mkunjo alisimama mlangoni akitazama gari likiondoka na karai lake, damu ikamchemka mpaka masikioni.

Mtaa mzima unamwita Mkunjo, na wapo watoto wanaodhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Ni dobi. Alianza ujanani kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja, enzi za pasi ya mkaa, akakaa humo mpaka alipofungua chumba chake mwenyewe kinachotazama barabara: meza ndefu iliyotandikwa blanketi, pasi ya umeme nzito ajabu, na uani kamba za kuanikia zilizokazwa hadi zinalia upepo ukipita. Suruali ikitoka mikononi mwake, mkunjo wa mbele unasimama wima toka kiunoni hadi kwenye kifundo cha mguu. Watu husema unaweza kukatia nyanya. Na kuna jambo ambalo hata wasiompenda wanakubali: Mkunjo hasahau. Haandiki jina kwenye nguo ya mtu, hashoni alama, hafungi uzi. Unaleta shati jeupe kati ya mashati meupe ya mtaa mzima, unarudi baada ya wiki anakupa lako, na anakuambia kifungo cha pili kilikuwa kimelegea, amekikaza.

Binti yake alikulia ndani ya mvuke huo. Alipokuwa mdogo alikuwa akilala mchana chini ya meza ya kupigia pasi, juu ya rundo la mashuka ya watu, na baba yake akawa anapiga pasi kwa kunyata ili asimwamshe. Alimpa jina la mama yake mzazi, ndiyo maana mpaka leo anamwita "mama". Mtoto akasoma, akasoma tena, akawa mkaguzi wa usalama viwandani. Kazi yake ni kuingia mahali pa watu na kuwaonyesha kwamba kizima moto kimefichwa nyuma ya magunia, waya umechunika, mlango wa dharura umefungwa kwa kufuli. Mkunjo alijivunia kazi hiyo. Alimpigia pasi mavazi ya siku ya kwanza kazini yeye mwenyewe, mara mbili. Hakujua kwamba ipo siku ukaguzi utarudi nyumbani.

Mkaguzi huyo alikuwa na mtoto mmoja, wa darasa la pili, mwenye doa jeusi shavuni, na kwa hilo doa babu yake akamwita Kidoti. Mume wa mkaguzi ni dereva wa malori ya masafa marefu, mtu mpole anayeonekana nyumbani kwa nadra kama mwezi mwandamo. Kwa hiyo kila Jumamosi, mama akiwa kazini, Kidoti alishinda kwa babu. Alikunja leso, alibana nguo kambani, alisikiliza redio, aliuliza maswali yasiyo na majibu. Na mchana walikula minofu ya kuku. Kidoti ni mtoto wa kuchagua chakula: nyama yenye mfupa hagusi, ngozi anaisukuma ukingoni mwa sahani, mchuzi anautazama kama umemtukana. Lakini minofu iliyokatwa virefu kama vidole, ikavikwa unga, yai na chenga za mkate, ikakaangwa mpaka inalia "kachu" mdomoni, hiyo hula mpaka ananyonya vidole vyake. Bibi yake ndiye aliyemzoesha. Bibi alipofariki, Mkunjo akashika karai, akajifunza kwa kuungua, ili mtoto asipoteze bibi na minofu kwa pamoja.

Mjane mwanamume hana mambo mengi ya kusubiri katika wiki. Mkunjo alisubiri Jumamosi.

Sasa huo moto uliouleta mtambo nyumbani, wiki chache kabla yake. Mkunjo alikuwa amebandika karai, mafuta yanapata moto, Kidoti yuko uani anaanika leso, simu ikaita. Nyumba ile ina mtandao dirishani tu, chumba cha mbele. Akaenda dirishani. Alikuwa binti yake, na alikuwa amekasirika: amesikia kutoka kwa Kidoti kwamba wiki iliyopita babu alimruhusu kugusa pasi. Ilikuwa pasi ya baridi, haijachomekwa, mtoto alitaka tu kujua uzito wake. Lakini mkaguzi akishaanza ripoti hakatizwi.

"Baba, unajua ajali za majumbani zinavyoanza?"

"Mama, ngoja kidogo, nime..."

"Nisikilize kwanza, baba."

Akamsikiliza. Ndivyo alivyomlea, mtu akizungumza asikatizwe, na sasa malezi yalikuwa yanamrudia mwenyewe. Akajaribu tena. "Mama, ngoja, jikoni..." "Baba, nisikilize kwanza, tafadhali." Akahutubiwa kuhusu usalama wa mtoto, kuhusu vitu vya moto, kuhusu kutowaacha watoto karibu na hatari bila mtu mzima, na wakati anahutubiwa mafuta yalishika moto. Kidoti ndiye aliyepiga kelele kutoka uani. Mkunjo akatupa simu, akanyakua shuka bichi la mteja kutoka kwenye beseni, akalifunika karai na kuzima gesi. Pazia likaungua nusu, dari ikapata doa jeusi, shuka likawa la kulipa. Mtoto hakuguswa hata unywele.

Jirani alimpigia simu mkaguzi, naye akafika akiwa amepoteza rangi. Alimkumbatia Kidoti, akatazama dari, akatazama pazia, mikono ikawa inamtetemeka hata funguo za gari zikawa zinalia.

"Ulikuwa wapi, baba?"

"Chumba cha mbele."

"Unafanya nini chumba cha mbele na mafuta yako jikoni?"

Mkunjo alifungua mdomo. Akaiona ile mikono. Akajua kwamba akisema neno moja tu, huyu mwanamke atalibeba neno hilo mpaka kaburini, maana anamjua, ndiye aliyemzaa. Binti alikuwa amedhani simu imekatwa na mtandao, kama kawaida ya simu za nyumba ile. Akaamua kufunika kombe.

"Nilisahau," akasema.

Hapo ndipo alipojichimbia shimo. Mtu unamfichia aibu, naye anaichukua ile sitara anakufunga nayo kamba! Wiki haikuisha, mtaa wote ulikuwa unajua kwamba Mkunjo ameanza kusahau. Binti yake alimweleza muuza duka, amtupie jicho mzee. Alimweleza fundi viatu wa chumba cha jirani, awe anachungulia mara kwa mara. Mteja mmoja, mtu aliyekuwa akiacha nguo zake kwa Mkunjo tangu enzi za ukapera, alileta mashati yenye majina yameandikwa kolani kwa kalamu ya wino. Mkunjo alimrudishia mashati yakiwa hivyohivyo, hajayafua.

"Kama umeshajiandikia, basi jifulie," alimwambia.

Jumamosi iliyofuata Kidoti hakuja, na ile ya baada yake pia hakuja. Halafu ndiyo ukaja mtambo, na pamoja na mtambo yakaja masharti.

"Jumamosi hii nitamleta kwa majaribio," binti alisema, kabla hajapanda gari na karai. "Upike kwa hiki. Akila akashiba, bila moshi, bila kuazima karai kwa jirani, tutaendelea kama zamani. Ikishindikana, kuna darasa la kuchora karibu na kazini kwangu, nimeshaulizia nafasi. Atakuwa anakwenda huko kila Jumamosi."

Majaribio! Kidoti amemwogesha yeye, amembeba mgongoni, amemfulia nepi, leo anapewa majaribio kama kibarua anayeomba kazi getini. Mkunjo aliurudia mtambo jikoni, akautazama, nao ukamtazama kwa kioo chake cha namba. Akaubatiza jina Mkwe, kwa sababu umeingia nyumbani bila yeye kushauriwa na sasa anatakiwa kuuheshimu.

Alianza siku iliyofuata, kwa hasira, na hasira si mpishi. Aliosha minofu, akaikata virefu, akaitia chumvi, pilipili manga na kitunguu saumu kilichopondwa. Akaivika unga, akaichovya kwenye yai, akaigaragaza kwenye chenga za mkate mkavu. Mpaka hapo marehemu mwenyewe asingekuwa na la kusema. Kisha akavuta droo ya Mkwe na kuipanga minofu kama anavyopanga mashati ya mteja: safu juu ya safu, kingo zimelingana, hakuna kipande kilichomtokeza mwenzake. Kazi safi. Na baada ya hapo mkono wake, bila kumwuliza, ukachukua ile chupa yake ya kupulizia maji na kuipulizia minofu yote, fyu, fyu, fyu, juu na pembeni. Dobi hawezi kupeleka kitu kikavu kwenye moto. Nguo kavu huungua. Lazima uipe maji kwanza ndipo joto liinyooshe. Hilo alilijua kabla ya kunyoa ndevu zake za kwanza, na mzoea vya kunyonga vya kuchinja haviwezi.

Mkwe alinguruma, akanguruma, akalia "ting!" na kunyamaza. Mkunjo akavuta droo. Minofu ilikuwa imeshikamana kuwa bonge moja jeupe, chenga za mkate zimelainika na kubanduka kama rangi ya ukuta wa bafu. Mvuke ukamfuka usoni. Aliujua mvuke ule, ni mvuke wa kazini.

Fundi viatu alichungulia, kama alivyoagizwa. Ni mtu wa maneno, mwenye misumari midogo mdomoni muda wote na bado maneno yanapata njia ya kutokea. Akabandua kipande kwa vidole, akakitafuna taratibu, akatikisa kichwa.

"Mzee Mkunjo," akasema, "hii umeipika au umeifua?"

"Toka jikoni kwangu."

"Nauliza tu. Maana naona kilichobaki ni kuianika."

"Nimesema toka!"

Fundi akatoka akicheka. Mkunjo akala bonge lile peke yake, lote, kwa sababu hatupi chakula na kwa sababu alitaka kujiadhibu. Siku ya pili akaongeza joto, akaongeza na maji, kwa hesabu yake ileile ya pasi: joto likizidi, maji nayo yazidi. Juu pakawa peusi, katikati pakawa pabichi. Alimtukana Mkwe kwa maneno ambayo hayafai kuandikwa. Akamtukana aliyemtengeneza na aliyemuuza. Akasema ni ulaghai mtupu, kwamba vijana wa siku hizi wanauziwa sanduku la kelele wakiambiwa ni jiko. Na chini ya matusi hayo yote palikuwa na kitu kimoja tu, hofu. Alimwona Kidoti amekaa kwenye darasa la kuchora, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka awe msichana mkubwa asiyekumbuka njia ya kwa babu.

Ijumaa alifanya alichopaswa kufanya mwanzo. Alimwasha Mkwe akiwa mtupu, akakaa mbele yake, akamchunguza kama anavyochunguza doa asilolijua. Akazungusha mkono kila upande bila kumgusa. Nyuma, palipo na matundu, kiganja kikapigwa na kitu.

Upepo. Upepo wa moto, mkavu, unaokimbia.

Mkunjo alibaki na mkono hewani. Kikaangio cha upepo, ndivyo binti yake alivyosema, siku ileile, kwa sauti, hapahapa jikoni. Yeye hakumsikia kwa sababu alikuwa anatazama karai likiingia kwenye boksi. Kwa hiyo huyu si pasi. Siku zote hizi amekuwa akimpigia pasi kuku, na kumbe Mkwe ni kamba ya kuanikia. Na habari za kamba ya kuanikia, nani wa kumfundisha Mkunjo? Nguo usipoikamua vizuri, haikauki. Ukianika moja juu ya nyingine, zinanuka uvundo. Kila moja ipate nafasi yake, upepo upite huku na huku, na mchana ukifika katikati unageuza.

Akainuka. Safari hii aliikausha minofu kwa kitambaa safi, kipande kwa kipande, mpaka kitambaa kikatoka kikavu. Chenga za mkate alizimiminia kijiko cha mafuta ya kile kichupa cha masimango, akazisugua kwa vidole mpaka kila chembe ikang'aa kidogo, maana chenga kavu bila mafuta hubaki na rangi ya vumbi. Akavika unga, yai, chenga, akazikandamiza kwa kiganja zishike. Alimwacha Mkwe apate moto kwanza. Akaipanga minofu safu moja tu, mmoja mbali na mwenzake, haigusani, na iliyobaki ikasubiri zamu yake kwenye sahani. Mkono ulikwenda kwenye chupa ya maji wenyewe, kwa mazoea. Akaupiga kofi kwa mkono mwingine. Katikati ya muda akavuta droo, akaigeuza.

Ting! Akatoa mmoja, una rangi ya mkate uliookwa vizuri. Akauma. Kachu.

"Mbwa wewe," akamwambia Mkwe.

Fundi viatu, upande wa pili wa ukuta, aliisikia ile kachu akaja bila kuitwa. Alikula, akala tena, akatema misumari yake yote ili mdomo uwe na nafasi. Na Mkunjo, badala ya kufurahi, alizidi kukasirika. Ingekuwa mibaya, angekuwa na kesi. Sasa ilikuwa mizuri, na aliyemnyang'anya karai na kumwita msahaulifu alikuwa amesema kweli kuhusu kitu kimoja. Hakuna kinachouma kama mtu aliyekukosea kuwa na haki nusu.

Jumamosi mkaguzi alimleta Kidoti asubuhi. Mtoto alimrukia babu yake kiunoni, akang'ang'ania. Mkaguzi yeye aliingia jikoni, akapapasa waya wa Mkwe, akatazama soketi, akasogeza pazia jipya, akanusa hewa. Alifanya yote hayo kwa upole, na upole wenyewe ndio uliomkera baba yake zaidi. Alikuwa anamzungumzia polepole, kwa sauti ya juu kidogo, kama watu wanavyowazungumzia wagonjwa.

"Unakumbuka vitufe, baba? Hiki ni cha joto. Hiki ni cha muda."

"Nakumbuka."

"Nitapiga simu mchana kuhakikisha."

"Piga," Mkunjo akasema, akauma meno.

Mchana ulipofika, Kidoti ndiye aliyegaragaza minofu kwenye chenga, mikono imejaa yai mpaka viwikoni, akiuliza kwa nini kuku ana vidole vingi hivi.

"Si vidole, ni minofu."

"Na huyu ni nani?"

"Huyu ni Mkwe."

"Baba yangu ndiye mkwe wako, babu. Mama kasema."

"Ninao wawili. Huyu yupo nyumbani."

Kidoti alicheka mpaka akapaka yai kwenye paji la uso. Wakaipanga safu moja, haigusani, wakafunga droo. Mkwe akaanza kunguruma. Na simu ikaita.

Mkunjo akaenda dirishani.

"Baba, umeshawasha?"

"Nimewasha."

"Umechomeka ukutani moja kwa moja? Usitumie ule waya wa nyongeza wa kwenye pasi, baba, ule hauwezi kubeba..."

"Mama, ngoja kidogo, nikageuze..."

"Nisikilize kwanza, baba. Mtoto yuko umbali gani? Asikae mbele ya droo, ikivutwa inatoa joto. Na ikianza kutoa harufu usiifungue, zima ukutani. Halafu jambo jingine, nilitaka tuzungumze kuhusu kwenda kupimwa. Si kitu kikubwa, baba, watu wa umri wako wengi wanapimwa kumbukumbu, kuna daktari nimeambiwa..."

Mkunjo alisimama. Jua lilikuwa linampiga upande mmoja wa uso, kama siku ile. Barabarani mtu alikuwa anasukuma baiskeli yenye pancha. Maneno yaliendelea kuingia sikioni, mazuri, ya upendo, hayana mwanya hata wa kupitisha sindano, na hasira aliyokuwa ameikunja vizuri na kuiweka kabatini wiki zote hizo ilifunguka yenyewe.

Ting!

"Babu!" Kidoti akaita kutoka jikoni. "Mkwe kamaliza!"

"Nini hiyo?" mkaguzi akauliza. "Nini kimelia?"

"Ni mtambo wako," Mkunjo akasema. "Umemaliza kazi, umejizima wenyewe. Una adabu sana. Wewe endelea tu kuzungumza, mama, mimi nakusikiliza. Nimesimama dirishani, palepale niliposimama siku ile."

"Siku ile gani?"

"Siku ya moto. Uliponipigia kunieleza habari za pasi."

Simu ilinyamaza. Mkunjo alidhani mtandao umekatika, akaitazama, haukuwa umekatika. Alisikia mtu anahema upande wa pili, na nyuma yake mashine za kiwanda.

"Nitakupigia baadaye," binti yake akasema, na sauti yake ilikuwa ya yule mtoto wa chini ya meza.

Hakupiga. Alikuja mwenyewe, mapema kuliko desturi yake, bado amevaa fulana yake ya njano ya ukaguzi. Kidoti alikuwa uani anabana leso kambani. Kwenye meza ya jikoni kulikuwa na sahani ya minofu iliyofunikwa kwa kitambaa kilichopigwa pasi. Mkunjo alimsogezea kiti, akafunua sahani. Mkaguzi alichukua mmoja, akauma, kachu, halafu akauweka chini kama mtu aliyesahau anakula nini.

"Nilidhani mtandao ndio uliokata," akasema. "Siku ile."

"Najua."

"Nilikuuliza ulikuwa wapi. Ukaniambia ulisahau."

"Nilikuambia."

"Nimezunguka mtaa mzima nikiwaambia watu kwamba baba yangu ameanza kusahau." Akajifuta macho kwa mkono wa fulana. "Kwa nini hukuniambia ukweli, baba?"

Mkunjo alikuwa na hotuba. Ameiandaa tangu siku ya pazia, ameinyoosha kila usiku mpaka imekosa hata kunyanzi moja. Ilikuwa na habari za karai, na za mashati yaliyoandikwa majina kolani, na za muuza duka kumhesabia chenji mara mbili kwa sauti ya upole. Aliitafuta sasa, akaikuta imekuwa fupi sana.

"Nilisema, 'Mama, ngoja kidogo,'" akajibu. "Ukasema, 'Nisikilize kwanza, baba.' Nikakusikiliza."

Mkaguzi aliinamisha kichwa. Kwa muda mrefu hakusema chochote, na Mkunjo, ambaye hajawahi kumsikia binti huyu akinyamaza tangu ajue kuzungumza, hakujua aiweke wapi mikono yake. Akamsogezea sahani.

"Haya, baba," binti akasema mwishowe. "Sema. Leo nasikiliza mimi."

"Jumamosi ni yangu."

"Ndiyo, baba."

"Daktari wako wa kumbukumbu akapime watu wake."

"Ndiyo, baba."

"Na karai la mama yako lirudi kwenye msumari wake. Mkwe abaki, simfukuzi. Yeye akimaliza husema neno moja tu, kisha ananyamaza."

Binti yake akacheka huku analia, akainuka, akatoka. Mkunjo akasikia buti la gari likifunguliwa. Karai lilikuwa bado mlemle kwenye boksi lake. Hakuwa ameweza kulitupa. Binti aliliingiza ndani kwa mikono miwili na kulining'iniza mwenyewe chini ya lile doa jeusi la dari, akalinyoosha lisikae upande. Kisha akakaa mezani na kula minofu iliyobaki. Simu yake iliita kwenye mfuko wa fulana, ikaita tena, akaiacha iite.